Mkwe Ndani ya Pamba

Nkwabi alipoisikia sauti ile ya mama, yenye lafudhi ile ile ya mkewe, ikiuliza njia, hata hakuwaza. Alishika mdomo wa mfuko wa godoro aliokuwa anaujaza pamba, akatanguliza kichwa, akatambaa mpaka ndani, akatulia humo huku nyuzi za pamba zikimwingia puani. Vidole vya miguu vilibaki nje.

"Hodi hapa," sauti ilisema. "Namtafuta Nkwabi, fundi wa magodoro."

Hakuna aliyejibu. Katika lile banda la turubai, pembeni mwa barabara ya Igogo, alikuwapo Nkwabi peke yake na rundo la pamba, fimbo mbili za kuipigia, na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, imechomekwa kwenye nguzo. Mama Leonsia, mwenye sauti ile, alisimama na mkoba wake mkononi, akaitazama miguu ile kwa muda. Kisha akamwambia mwenye mkokoteni aliyembebea ndizi zake kwamba twende mbele, tutauliza kwa watu wenye vichwa. Wakapanda mlima.

Sasa mtu atauliza, mwanaume mzima, baba wa watoto, anaingiaje ndani ya godoro kumkimbia mama wa watu? Ngoja nieleze. Yule mama alikuwa mama mkwe wake, na Nkwabi alizaliwa Magu, kwa wazee ambao mwanaume akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaiacha njia na kuingia shambani mpaka apite. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye, halali naye chini ya paa moja. Ndiyo heshima yenyewe, na kadiri unavyomheshimu mtu ndivyo unavyokwenda mbali. Nkwabi alimheshimu sana huyu mama, tena kuliko wakwe wote wa Magu. Ndiyo maana aliingia kwenye godoro.

Mkewe, Kokulinda, alikuwa amepanga mambo vizuri. Meli ya Bukoba ikifika, yeye angempokea mama bandarini kwa teksi, na Nkwabi angepata habari mapema ajiondokee zake. Lakini mama hakusubiri kupokewa. Alishuka na watu wa kwanza, akakodi mkokoteni kwa ajili ya mikungu yake, akaja kwa miguu akiuliza njia, na Kokulinda akabaki bandarini anahangaika kumtafuta mtu ambaye tayari yuko Igogo.

Na safari yenyewe haikuwa ya kuchezea. Kokulinda alitoka kwao Muleba akiwa msichana, akaja kufanya kazi kiwanda cha nguo, na huko huko akampata Nkwabi, aliyekuwa anafungua marobota ya pamba. Mama Leonsia, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amemtafutia mume, mwalimu mwenzake wa kijiji cha jirani. Kwenye harusi hakuja. Mahari ilipokewa na mjomba, mzee Rwehumbiza, na mama akatuma neno moja tu, kwamba binti yake anakaribishwa nyumbani siku yoyote, ila huyo mtu asimlete. Kokulinda naye kichwa kigumu alikirithi kwa mama. Akasema pasipokwenda mume wangu na mimi siendi.

Ikawa hivyo miaka kumi. Nyote mnawajua Wahaya na Krismasi. Ikifika Desemba, meli haina pa kukanyaga, kila mtu anakwenda kwao na mabegi na jogoo na suti mpya. Kokulinda alikuwa na tabia ya kusema anakwenda kununua samaki, kumbe anakwenda kusimama nje ya geti la bandari kuwatazama wanaopanda. Nkwabi alilijua hilo. Hakuwahi kumwambia kwamba analijua.

Sasa mtoto wao wa kwanza, Bernadeta, alikuwa anapokea Komunyo ya kwanza Jumapili, na mama akatuma salamu kwamba anakuja. Atamwona huyo mwanaume kwa macho yake, na akishamwona atasema kama Krismasi hii wataenda Muleba wote au la. Yeye, alisema, hasemi juu ya mtu ambaye hajamwona.

Ilikuwa Novemba ya mwaka ule wa uchaguzi, picha za wagombea bado zimebandikwa kwenye mawe makubwa ya Igogo, mvua zimeanza, na ile Ijumaa nyumba ya Nkwabi, vyumba vyake viwili kati ya jabali na jabali, ilijaa mpaka uani. Dada yake, Ng'washi, alishuka kwenye basi la Magu na gunia la mchele, kuku wawili na furushi la michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na sauti yake ilifika kabla yeye hajafika. Yakobo, rafiki yao wa tangu kiwandani, siku hizi mkulima wa Sengerema, alivuka kwa kivuko na mbuzi aliyelia njia nzima. Mama Leonsia alileta mikungu mitano ya ndizi, senene wakavu kwenye kopo la maziwa, na kahawa za kutafuna.

Basi raha ilioje. Watu wanakumbatiana, wanaachiana, wanakumbatiana tena. Yakobo anasimulia jinsi mkuu wa zamu alivyokuwa akisinzia kiwandani kwa kusimama, na Kokulinda anacheka mpaka anakaa chini. Ng'washi akauliza hizi ndizi ni za kula baada ya chakula au ndiyo chakula chenyewe. Mama Leonsia akamjibu kwamba kwao mtu akila ugali siku nzima, jioni anasema leo nimeshinda na njaa. Wakatazamana, wakaona wamepatana, na tangu hapo wakawa wanapika pamoja, kila mmoja akionja sufuria ya mwenzake na kukunja uso kwa makusudi.

Lakini kila mlango ulipolia, mama aligeuza shingo.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" aliuliza jioni.

Kokulinda akamweleza habari yote, heshima ya kwao Magu na jinsi ilivyo. Mama alimsikiliza kwa utulivu wa mwalimu anayesikiliza kwa nini mtoto hakuandika kazi ya nyumbani. Akasema hata wao wana heshima hiyo. Marehemu baba yenu, alisema, alipomwona mama yangu alisimama mbali, akainamisha macho, akasalimia. Lakini alisimama. Hakujitia kwenye gunia.

Usiku ule mama alilala kwenye godoro jipya. Nkwabi alikuwa amelishughulikia wiki nzima. Siku hizi, tangu biashara iwe ruksa na magodoro ya sponji yenye maua kujaa madukani, wateja wake walikuwa wanapungua, na wengi waliobaki alikuwa anawajazia makapi ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Hili alilijaza pamba nyeupe ya Magu, aliyoipiga kwa fimbo mpaka ikawa nyepesi, akaipanga kwa viganja tabaka juu ya tabaka, akashona kingo mara mbili ili zisilegee. Asubuhi mama alilibonyeza kwa ngumi, akalifuata kwa kidole mshono mzima wa pembeni. Aliuliza limeshonwa na nani, akaambiwa.

"Mkono anao," alisema. "Mimi nimekuja kuona uso."

Nkwabi mwenyewe alilala bandani juu ya magunia, na Yakobo akakataa kulala kwingine, wakakaa wakiongea mambo ya ujana wao. Kabla hapajapambazuka Nkwabi alikuwa ameshajaza mapipa yote ya nyumbani maji na kuteremka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kuchukua sato wabichi. Samaki alimpa mkewe kwa juu ya jabali la nyuma, kama mtu anayeuza magendo. Mama alikula sato yule akamsifu. Alikunywa yale maji. Aliyeyaleta hakumwona.

Jumamosi mchana Kokulinda alimfuata bandani. Alikuwa na furaha ya wageni usoni na hasira machoni, vyote pamoja, akampandishia sauti kwamba yeye hajaomba mengi, anaomba asimame mlangoni, aseme shikamoo, aondoke. Hata kuhesabu mpaka tano haifiki.

"Mimi nataka kwenda nyumbani, baba Bernadeta," alisema. "Nataka kwenda na wewe."

Nkwabi aliweka fimbo chini. Alinawa uso, akavaa shati la kanisani, akapanda mlima. Njiani akakutana na Ng'washi anashuka kununua chumvi, na dada yake alipojua anakokwenda akamziba njia kwa mikono miwili. Je, amesahau aliyosema bibi? Anayemtazama mama mkwe usoni mikono yake inaanza kutetemeka na haiachi mpaka kaburini. Mwingine akitetemeka atalima, atachunga. Wewe utashika nini, sindano? Watoto watakula nini?

Nkwabi akampita hata hivyo. Nisimfiche mtu: alifika. Alifika mpaka kwenye jiwe la mlangoni, mguu mmoja umeshapanda, mdomo umeshafunguka kwa shikamoo. Ndani Mama Leonsia akakohoa. Kikohozi tu, cha moshi wa jikoni. Nkwabi alijikuta ameshafika barabarani, kiatu kimoja mkononi, na hakukumbuka jinsi alivyoteremka. Alikaa kwenye rundo la pamba akajichukia kweli kweli.

Hapo ndipo Yakobo alipotaka kusaidia. Wapo watu wakitaka kusaidia uwafungie ndani. Mama Leonsia alimkuta anachuna mbuzi uani, akamuuliza kwa upole huyu rafiki yako usiku analala wapi. Yakobo akaona akisema bandani ataonekana anamdhalilisha mwenzake, mwanaume mwenye nyumba analala na magunia. Akasema, ah mama, ana kazi nyingi sana, kuna mama mmoja wa Kirumba anamtengenezea godoro, anamalizia huko huko.

"Mama mmoja wa Kirumba," alisema Mama Leonsia.

"Ndiyo, mama. Mteja wa siku nyingi."

Yakobo akaendelea kuchuna mbuzi, ameridhika na nafsi yake.

Jioni ile, wageni wakiwa wanaimba uani, mama alimwita Kokulinda chumbani, akafunga mlango. Alisema ameelewa sasa. Huyo mwanaume ana nyumba nyingine Kirumba, na aibu ndiyo inamkimbiza, si heshima. Kokulinda aliapa, alicheka, alilia, haikusaidia. Mama alimshika mkono akamwambia hana ugomvi na mtu, kesho jioni anapanda meli yake, na Krismasi binti yake aje na watoto. Kokulinda akautoa mkono wake taratibu. Akasema basi mama, tutakula Krismasi hapa hapa, kama siku zote. Wakakaa kitandani, juu ya lile godoro, wakisikiliza nyimbo za uani.

Jumapili asubuhi ungeona jinsi walivyopendeza, usingejua. Bernadeta na gauni jeupe na soksi zinazoteleza, Ng'washi na kitenge kipya kinachong'aa mpaka kinaumiza macho, Yakobo na tai. Kanisa lilijaa hadi nje. Wazazi wa watoto wa Komunyo waliwekwa benchi za mbele, na Nkwabi akakaa hapo na mkewe, shingo imekaza, macho mbele, kwa sababu aliamini mama yuko nyuma kabisa na mabibi wengine. Kumbe mama alishampangua mtu kwenye nafasi yake. Alikuwa benchi la pili, nyuma yake hasa, na misa nzima alikuwa anaangalia kisogo chake, penye unyuzi wa pamba ambao hakuna aliyeuona alipokuwa anachana nywele.

Padri akasema tutakiane amani. Watu wakaanza kupeana mikono. Nkwabi alimpa mkewe, akampa wa kulia, akageuka kumpa wa nyuma.

Mkono ulikuwa umeshanyooshwa unamsubiri. Na hapo, jamani, atakimbilia wapi? Mbele altare, kulia watu, kushoto watu, na mtoto wake na mshumaa anamtazama. Nkwabi alifumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, kama mtoto anayenyweshwa klorokwini, akanyoosha mkono gizani mpaka ukagusana na wa mama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hapakuwa mahali pake, pale watu wanasema amani ya Kristo. Lakini ndilo lililotoka. Mama Leonsia aliushika ule mkono. Ulikuwa mgumu, umejaa makovu ya sindano, na ulikuwa unatetemeka, bega zima linatetemeka, jasho linamtiririka mtu kwenye baridi ya asubuhi. Alimtazama uso ule uliofumba macho, kope zinacheza, midomo imekauka. Alimtazama muda mrefu. Kwaya ikaanza wimbo wa Mwanakondoo, watu wakageuka mbele, mkono ukaachiliwa, na Kokulinda alisikia kila kitu isipokuwa neno moja. Mama yake hakuitikia. Mtu mzima, mwalimu, amepewa shikamoo mbele ya altare na hakuitikia. Kokulinda aliona mambo yamekwisha.

Baada ya misa wengine walipanda nyumbani. Nkwabi alikwenda moja kwa moja bandani, na suti yake. Yakobo alipomfuata alimkuta amechukua shazia na uzi, anajaribu kuupitisha uzi tunduni. Ukapita. Akautoa, akaupitisha tena. Ukapita. Aliinua mikono juu ya macho yake akaiangalia mbele na nyuma. Haitetemeki, alisema. Yakobo akacheka mpaka akashika nguzo, halafu akaona mwenzake machozi yanamlengalenga, akaacha kucheka.

Nyumbani sherehe ilikuwa imepamba moto. Pilau la mchele wa Magu, ndizi kwa nyama ya mbuzi, senene wanapita kwenye kisahani, na Ng'washi, aliyesema tangu Ijumaa kwamba hawezi kula panzi, alikuwa ameshajaza kiganja mara ya tatu. Majirani wameketi mpaka kwenye ngazi. Mama Leonsia alikaa kiti cha heshima sebuleni, kinachotazama mlango, Bernadeta miguuni pake. Sahani yake ilikuwa haijaguswa.

Akamuuliza Ng'washi baba wa mtoto anakula wapi leo, siku ya mtoto wake. Ng'washi akasema yuko nyuma ya jabali na sahani yake, anakula kwa kusimama. Jana je? Jana hivyo hivyo. Na usiku analala bandani na huyu Yakobo, juu ya magunia, tangu mama amefika, kwani angelala wapi na mama yuko ndani?

Mama alimgeukia Yakobo. Yakobo akaangalia tai yake.

"Na mama wa Kirumba?"

Yakobo akasema godoro lake alilichukua wiki iliyopita, mama, pamoja na mumewe.

Watu wa karibu wakageuka, kwa sababu waliona mama ameweka sahani chini na anainuka. Kokulinda alikuja mbio kutoka jikoni akidhani anadai mizigo yake. Mama alikishika kile kiti kwa mikono miwili, akakataa kusaidiwa, akakizungusha kikakwaruza sakafu, mpaka kikatazama ukuta. Akaketi. Sasa mlango ulikuwa nyuma yake, na mbele yake palikuwa na kalenda ya mwaka ule na msumari mtupu.

"Mwambieni aingie," alisema. "Nimeshamwona. Sasa naangalia kalenda."

Ng'washi mwenyewe ndiye aliyetoka kumwita. Nkwabi aliingia nyumbani kwake taratibu, kama mgeni, sahani mkononi. Aliuona mgongo ule ulionyooka, kilemba, na nywele nyeupe chini ya kilemba. Akavuta kigoda karibu na mlango, na yeye akageuka, akakaa akitazama nje.

"Kokulinda," mama alisema mbele ya ukuta, "mwambie mume wako, marahaba. Ile ya kanisani. Ulimi ulinikwama."

Kokulinda alikuwa amesimama katikati na mwiko mkononi.

"Na mwambie Krismasi mje naye. Jirani yangu Wilhelmina ana chumba, atalala huko. Chakula atapelekewa huko, na mimi nitakuwa napita njia ya nyuma. Lakini aje."

Kutoka kiti kile mpaka kigoda hapafiki hatua tatu, na Nkwabi alikuwa amesikia yote. Mabega yake yalionyesha. Lakini maneno yalikuwa hayajafikishwa, na mwenye kuyafikisha alikuwa mmoja tu. Kokulinda akamgeukia mumewe, akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni, na alikuwa anacheka.

"Sema basi, wifi," Ng'washi alimwambia polepole. "Mwenzako hajaambiwa kitu."

Kokulinda alijipangusa uso kwa pindo la kanga, akaanza tangu marahaba, neno kwa neno, bila kuruka hata moja, na migongo yote miwili ikamsikiliza.